Nganya imeiva, lakini je, paa lake litahimili ikipinduka?

KIJANA wa Nairobi huijua nganya kwa macho na masikio. Kabla haijafika stejini ashaitambua kwa besi, kwa michoro ya ubavuni na kwa taa zinazowakawaka kama disko. Kuna watu huacha matatu tatu zipite wakingojea moja tu iliyo moto.

Sifa hizo zote ni za ngozi. Swali ambalo abiria wachache huuliza ni kuhusu mifupa: siku gari hili likilala ubavu, nguzo za madirisha zitashikilia paa, au paa litatuangukia?

Swali hili si la kutisha watu bure. Mnamo Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi kuelekea magharibi mwa nchi lilipinduka eneo la Fort Ternan, Kaunti ya Kericho. Zaidi ya watu 50 walifariki, na picha za asubuhi ile zilionyesha basi ambalo paa lake lilikuwa limeng'oka. Ajali ina sababu nyingi: mwendo, barabara, breki, usingizi wa dereva. Lakini gari likishaanza kubiringika, bodi na mikanda ya viti ndizo zinazoamua nani atatoka hai.

Na hapo ndipo kuna pengo, ambalo vijana wanaosomea uhandisi na wale wanaoshinda karakanani wanaweza kuliziba pamoja.

Chesisi ya kampuni, bodi ya mtaa

Mabasi mengi na matatu kubwa za Kenya huanza kama chesisi tupu: fremu, injini, magurudumu na usukani. Chesisi hiyo imebuniwa na kampuni kubwa za magari, ambako wahandisi hujaribu vyuma kwenye kompyuta mara nyingi kabla ya kukata hata kimoja. Kisha inapelekwa kwa waundaji bodi wa hapa nchini. Mafundi hukata mabomba ya chuma ya pembe nne, huyachomelea yakawa kizimba, halafu huvalisha mabati, vioo na viti.

Kazi yao si mchezo. Fundi aliyekaa miaka 20 kwenye moto wa kuchomelea anajua chuma kuliko wengi wenye digrii. Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) nalo lina kiwango cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372. Shida ni kwamba uzoefu hufundisha kwa kilichokwisha kutokea. Fundi hujua kiungo fulani hupasuka kwa sababu ameona magari yakirudi na nyufa. Gari lililopinduka halirudi kumfundisha. Huburutwa hadi kituo cha polisi, likamalizikia kwa wauza vyuma kuukuu.

Halafu kuna jambo jingine la nganya: hakuna mbili zinazofanana. Mwenye gari huyu anataka skrini tano, yule anataka spika za futi kadhaa na keria juu ya paa.

Hebu tupige hesabu ndogo ya pembetatu, ile ya kidato cha pili. Chukua gari ambalo umbali kati ya tairi za kushoto na za kulia ni mita 2. Kitovu cha uzito wake kikiwa mita 1.2 kutoka ardhini, litaanza kupinduka likiinama takriban digrii 40. Pakia mizigo na mapambo juu hadi kitovu kipande kufika mita 1.4, na pembe hiyo inashuka hadi karibu digrii 36. Hapo hatujahesabu springi na tairi zinazoyumba, ambazo hufanya mambo yawe mabaya zaidi.

Kulipindua bila kuliharibu

Umoja wa Mataifa una kanuni ya kupima uimara wa mabasi, inayojulikana kama Kanuni Nambari 66. Basi huwekwa kwenye jukwaa linaloinamishwa polepole mpaka lipinduke lenyewe na kuangukia shimo la kina cha milimita 800. Baada ya kishindo, wakaguzi huangalia kitu kimoja: je, chuma chochote kimeingia katika nafasi iliyotengewa miili ya abiria? Kikiingia, basi limefeli.

Sasa fikiria mwekezaji wa Eastlands aliyetumia mamilioni kuunda gari moja. Nani atamshawishi alipindue ili ajue kama ni imara? Kiwanda kinachotoa mabasi elfu moja ya aina moja kinaweza kuharibu moja. Mwenye nganya ya kipekee hawezi, kwa sababu akiiharibu hana nyingine.

Ndiyo maana ni muhimu kujua kwamba kanuni hiyohiyo inaruhusu njia nyingine, ikiwemo kulipindua basi zima ndani ya kompyuta. Huu ndio uigaji wa kihandisi. Basi lipo kama mchoro tu, na unaweza kulipindua mara mia kabla ya mtu kuwasha mashine ya kuchomelea.

Hufanyaje kazi? Kompyuta hugawa bodi katika vipande vidogo, maelfu kwa maelfu. Kila kipande hupewa tabia za chuma halisi: unene, uzito, kiasi kinachoweza kupinda kabla ya kukatika. Kisha kila kipande kinapigiwa hesabu: majirani wamekusukuma kiasi gani, nawe utawasukuma vipi? Hesabu hiyo hurudiwa kwa kila sehemu ndogo mno ya sekunde mpaka gari limalize kuanguka. Skrini hukuonyesha kwa rangi mahali chuma kinapolemewa. Katika mabasi, mara nyingi ni pale nguzo ya dirisha inapokutana na paa au na ukingo wa chini wa dirisha.

Ukishaona hivyo, huna haja ya kuongeza chuma kila mahali na kulifanya gari zito linywe dizeli. Unaimarisha kiungo kilicholemewa, unapindua tena, unalinganisha.

Kutoka bomu hadi basi

Mbinu hii si ya jana. Profesa Ray Clough wa Marekani ndiye aliyeipa jina lake la kitaalamu mwaka 1960. Mwaka 1976, John Hallquist wa maabara ya Lawrence Livermore, pia Marekani, aliandika programu ya DYNA3D, na kazi yake ya mwanzo ilihusu bomu la nyuklia: litaumia vipi likigonga ardhi? Programu zilizozaliwa na ile ndizo leo hutumiwa na watengenezaji magari kuiga ajali.

Kwa miaka mingi, kilichofungia watu wa kawaida nje kilikuwa bei. Leseni za programu hizi si za mfuko wa mwanafunzi wala wa karakana ndogo. Lakini mlango umeanza kufunguka. Septemba 2022, kampuni ya Altair ilitoa OpenRadioss, programu ya kuiga migongano, bure na msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote. Kwa michoro ipo FreeCAD, ambayo pia ni ya bure. Kupindua basi zima kunahitaji kompyuta yenye misuli, lakini kiungo kimoja cha nguzo na paa unaweza kukijaribu kwa laptopu ya kawaida, ukaiacha ipige hesabu usiku kucha.

Kompyuta nayo hudanganyika

Hapa ni muhimu tusilewe teknolojia. Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na mji wa Stavanger nchini Norway, msingi wa saruji wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulikuwa ukizamishwa majini kwa majaribio. Ulipofika kina cha takriban mita 65, ukuta ulipasuka, maji yakaingia, na msingi wote ukazama. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 700.

Wahandisi walikuwa wametumia kompyuta. Ila katika sehemu ile, vipande walivyogawa vilikuwa vikubwa na vya umbo baya, hivyo nguvu iliyokuwa ikiukata ukuta ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Hesabu iliporudiwa kwa makini baadaye, ilionyesha ukuta ungevunjika mita 62. Kompyuta ilikuwa na uwezo wa kusema ukweli. Haikuulizwa vizuri.

Katika karakana zetu kosa kama hilo lingekuja kwa njia nyingine. Programu hudhani kila kiungo kimechomelewa barabara. Haijui kuhusu stima iliyopotea katikati ya kazi, chuma chenye kutu kilichopakwa rangi, wala bomba jembamba lililonunuliwa kwa sababu lile nene lilikuwa ghali. Fundi anajua. Kwa hivyo mwenye laptopu asiyeongea na fundi atapata picha nzuri yenye majibu ya uongo.

Dawa yake ni rahisi. Chomelea kiungo kimoja jinsi karakana inavyofanya kila siku. Kifunge imara, kisukume kwa jeki, pima kwa rula kimepinda kiasi gani kwa kila uzito, mpaka kikatike. Kisha iga kiungo hichohicho kwenye kompyuta. Majibu yakitofautiana sana, rekebisha takwimu zako kabla ya kugusa basi zima. Hata Kanuni Nambari 66 haikubali picha za kompyuta peke yake. Hutaka ithibitishwe kwamba zinalingana na chuma halisi.

Mwanafunzi wa uhandisi anayesaka mradi wa mwaka wa mwisho, au wa chuo cha kiufundi anayetafuta atachi, anaweza kuanzia hapo. Usiende karakanani na maneno makubwa. Nenda na swali moja: "Fundi, kiungo gani huwasumbua zaidi?" Atakuonyesha. Omba kipande, kipime, kichore, kiige, kisha umrudishie majibu kwa lugha anayoielewa: ongeza pembe hapa, punguza uzito kule.

Rangi ya nganya hubadilishwa kila mwaka mtindo ukibadilika. Kiungo kilichochomelewa mara moja chini ya rangi hiyo kitabeba abiria mpaka siku gari litakapostaafu.