PROGRAMU ZA KULINDA SIRI: MZIGO UPIMWE KWENYE MIZANI MBILI



Siku hizi daftari ya wanachama katika matawi mengi haikai tena kabatini, imo katika kompyuta. Ndani yake mna majina ya waliojiunga, ada walizolipa na malalamiko waliyoleta juu ya wasimamizi. Daftari hiyo ikianguka mikononi mwa mwajiri, kesho yake kuna watakaoambiwa kazi imekwisha. Kwa hiyo wanachama wanatuuliza: programu zinazofunga siri zetu zinatengenezwa na nani, na tutajuaje kama ni nzima? Tunajibu hapa kwa maneno ya kazi zetu.

Programu inavyojengwa

Programu huanza kama maandishi ambayo mtu aliyejifunza kazi hiyo anaweza kuyasoma. Maandishi hayo hayafanyi kazi mpaka yageuzwe kuwa tarakimu zinazofuatwa na mashine. Kugeuza huko ndiko kujenga programu. Ni kama chai: mchumaji huleta jani bichi, na mnunuzi huona pakiti dukani. Katikati kuna kiwanda.

Programu huria ni zile ambazo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu. Hilo ni jambo jema. Lakini jani kuwa safi shambani si ushahidi kwamba pakiti ni safi. Hapana budi kiwanda nacho kikaguliwe.

Tena mashine si za aina moja. Programu ile ile hujengwa mara nyingi, kila aina ya mashine na pakiti yake. Kabla ya kujenga, maagizo ya ujenzi huuliza mashine: una chombo fulani? Huuliza kwa kujaribu kujenga kipande kidogo cha programu. Kikijengeka, jibu ni ndiyo. Kikikataa, jibu ni hapana, na kazi huendelea bila chombo hicho, mara nyingi kimya kimya. Hapo ndipo makosa mengi hujificha, na hapo ndipo mwizi naye alipoingilia.

Yaliyotokea mwaka 2024

Iko programu huria iitwayo XZ Utils. Kazi yake ni kubana mafaili yachukue nafasi ndogo, na hutumika katika kompyuta nyingi sana za Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila mshahara, huku makampuni yenye mali nyingi yakiitumia bure. Mwaka 2022 aliandika waziwazi kwamba afya yake ya akili imemsumbua kwa muda mrefu, na kwamba kazi hii hailipwi. Wakati huo watu wasiojulikana walikuwa wakimsukuma, wakisema anachelewa na amwachie mwingine. Huyo mwingine alikuwepo tayari: mtu aliyejiita Jia Tan, aliyeanza kusaidia mwaka 2021. Polepole alipewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya.

Mwezi wa Februari na Machi 2024 zikatoka namba 5.6.0 na 5.6.1. Ndani ya furushi la kujengea mlikuwa na maagizo ambayo hayakuwemo katika maandishi ya wazi. Sumu yenyewe ilifichwa katika mafaili yaliyosemwa kuwa ni ya majaribio tu. Maagizo yale yalichungulia kwanza: je, hii ni Linux? Je, mashine ni ya aina ya x86-64? Je, inajengwa pakiti ya Debian au ya RPM? Kama sivyo, yalinyamaza. Aliyejenga kwenye mashine ya aina nyingine hakuona kosa lolote. Shabaha ilikuwa OpenSSH, mlango ambao mafundi huutumia kuingia katika mashine zilizo mbali.

Mtu huyo huyo alitia pia nukta moja katika kipande cha kuulizia chombo cha ulinzi kiitwacho Landlock. Nukta ile ilifanya kipande kisijengeke kamwe, basi jibu likawa hapana, na waliojenga kwa njia hiyo wakakosa ulinzi huo bila kujua.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft. Alikuwa akifanya kazi nyingine, akaona kuingia kwa OpenSSH kunachelewa kiasi cha nusu sekunde kuliko kawaida. Akakumbuka pia malalamiko yaliyotolewa na programu ya kukagua makosa. Hakupuuza, alifuatilia mpaka akafika kwenye chanzo, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Sumu ilikuwa imefika zaidi katika matoleo ya majaribio, haijaenea katika yale yanayotumiwa na wengi.

Tunajifunza nini

Kwanza, mizani mbili. Mchumaji akishuku mizani ya shamba, hupima gunia lile lile mahali pengine. Vivyo hivyo, furushi lilinganishwe na maandishi ya wazi, kisha pakiti ijengwe na watu wawili, mahali pawili. Zikitofautiana, isitumike mpaka sababu ijulikane.

Pili, onyo la mashine lisizimwe. Mwaka 2006 fundi wa Debian aliondoa mistari katika OpenSSL kwa sababu chombo cha kukagua kililalamika. Kelele ikaisha, lakini funguo za siri zilizotengenezwa baada ya hapo zikawa rahisi kukisiwa. Kosa liligunduliwa mwaka 2008 tu.

Tatu, programu ikikataa kwenye mashine moja na kukubali kwenye nyingine, asiwepo wa kusema "kwangu inafanya kazi" akaondoka. Andika aina ya mashine, namba ya toleo, na onyo la kwanza kabisa, maana yale yanayofuata mara nyingi ni watoto wa lile la kwanza. Katika tawi, usipokee programu ya kulinda siri kutoka mkononi mwa mtu njiani. Ichukuliwe kwa watengenezaji wenyewe, na wawepo wawili wakati wa kuiweka.

Nne, na hili ni la chama hasa. Mlango wa mwizi haukuanza katika mashine, ulianza kwa mfanyakazi mmoja aliyechoka, asiyelipwa, aliyeachiwa mzigo wa dunia peke yake. Alipoomba kuhurumiwa alisukumwa zaidi. Sisi wa viwandani na mashambani tunaijua hali hiyo. Anayemwacha mwenzake peke yake kwenye zamu ameacha mlango wazi kwa wote.

Umoja ni nguvu.