Kikoba na Uamuzi wa Mwanamke wa Kijijini

Mwanamke wa kijijini anayetaka mtaji wa kufuga kuku au kufungua genge hukutana na kikwazo kimoja kabla ya vingine vyote: dhamana. Kijijini dhamana ni ardhi, na ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke wa Tanzania haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, mila za koo nyingi bado huliacha shamba mikononi mwa mume au ndugu zake. Kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho wengi tunakiita kikoba, hukiruka kikwazo hicho kwa sababu dhamana yake ni hisa za mwanachama mwenyewe na wenzake wanaomfahamu. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa Maradi, na miaka ya mwanzo ya 2000 ulikuwa umefika Tanzania. Hoja yangu ni kwamba faida yake kubwa hutokana na utaratibu wake: kikoba humzoesha mwanamke kuamua mambo ya fedha mbele ya watu, kwa kanuni alizoshiriki kuzitunga.

Uangalieni mkutano wenyewe. Sanduku la chuma lina makufuli matatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, hivyo hakuna awezaye kulifungua peke yake. Kila mwanachama hununua hisa moja hadi tano, hupigiwa mhuri kitabuni kwa kila hisa, na fedha huhesabiwa kwa sauti kila mtu akisikia. Hata asiyejua kusoma huweza kuhesabu mihuri yake na kupinga hesabu isiyokaa sawa. Tuchukue mfano: wanachama 25 wakinunua hisa tatu kila mmoja, kwa shilingi 2,000 kila hisa, huweka shilingi 150,000 kwa wiki, na katika wiki 52 zinafika 7,800,000, kabla ya riba na faini. Wanachama hukopeshana fedha hizo wenyewe, kwa kawaida hadi mara tatu ya hisa za mkopaji, na kikoba kinapovunjwa mwisho wa mzunguko, riba hugawanywa kwa wanachama kulingana na hisa zao. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, ambao humwepusha mtu kuuza mbuzi au mahindi ya chakula kwa bei ya kutupa.

Ushahidi unaiunga mkono hoja hii, tena kwa namna inayofundisha. Utafiti wa mchumi Dean Karlan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulipima matokeo ya kuanzisha vikundi hivi vijijini Ghana, Malawi na Uganda. Ulikuta biashara za kaya zimeimarika na uwezo wa wanawake kujiamulia umeongezeka, lakini wastani wa matumizi ya kaya haukubadilika. Wapo watakaosema kwamba sauti isiyoongeza chakula mezani haina thamani. Sikubaliani nao. Miaka miwili au mitatu ya utafiti huo ni michache kwa akiba ndogo kubadili maisha ya nyumba nzima, ilhali mwanamke mwenye kauli juu ya mazao na ada za watoto ameshapata kitu ambacho fedha peke yake haimpi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: madeni. Ni kweli riba ya kikoba humrudia mwanachama, tofauti na ile ya mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, inayoishia kwa mkopeshaji. Lakini mwanamke aliye katika vikundi vitatu, anayekopa huku ili alipe marejesho kule, amejifunga mwenyewe, na mumewe akiuchukua mkopo huo, deni hubaki kwa jina lake. Vilevile maskini kabisa hushindwa hata bei ya hisa moja. Dawa ya kasoro hizi ni kanuni: hisa ya bei nafuu, kikomo cha mkopo kinachoheshimiwa, na mkopaji kueleza mkutanoni fedha inakwenda wapi.

Hapo ndipo Serikali inapohitajika, kwa tahadhari. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake. Ni mpango mzuri, ila kikundi kilichoundwa haraka ili kiwahi mkopo hakijajifunza kudaiana wala kuaminiana, na ni rahisi kisambaratike fedha zikishagawanywa. Kikundi kimalize kwanza mzunguko mzima kwa akiba yake, viongozi wafundishwe kutunza hesabu, ndipo mkopo wa halmashauri uje juu ya msingi huo. Sambamba na hilo, kila kijiji kinapopima ardhi, jina la mke liandikwe kwenye hati pamoja na la mume. Kikoba kimemwezesha mwanamke kukopa bila shamba. Haki yake ya shamba bado anaidai.