Mlinganyo Wenye Kipeuo na Jibu Lisiloalikwa

Wenzangu wa Ualimu, muda si mrefu tutapangiwa shule za mazoezi ya kufundisha. Sisi wa Hisabati tujiandae kwa swali hili: "Mwalimu, nimefuata hatua zote, mbona jibu langu umelikosesha?" Kwenye milinganyo yenye vipeuo swali hilo halikwepeki. Ukimjibu mwanafunzi kwamba ndiyo kanuni ilivyo, anaondoka akiamini Hisabati ni mazingaombwe. Afadhali tuielewe sababu yenyewe kabla ya kushika chaki.

Chukua mlinganyo huu:

√(x + 6) = x

Ili kuondoa alama ya kipeuo, kila upande tunauzidisha kwa wenyewe, yaani tunaupeleka kwenye kipeo cha pili:

x + 6 = x²
x² − x − 6 = 0
(x − 3)(x + 2) = 0

Tunapata x = 3 au x = −2. Hakuna hatua iliyorukwa. Sasa rudisha kila jibu kwenye mlinganyo wa mwanzo. Ukiweka 3, √9 = 3, safi kabisa. Ukiweka −2, kushoto unapata √4, ambayo ni 2, lakini kulia kuna −2. Haziendani. Jibu ni 3 peke yake.

Sasa hiyo −2 imetoka wapi? Hapa ndipo pa kutulia na wanafunzi. Namba 5 na −5 ni tofauti, ila kila moja ukiizidisha kwa yenyewe unapata 25. Kumbe kipeo cha pili kinafuta alama ya hasi! Alama √ ikiwa peke yake, kwa makubaliano, haitoi namba hasi. Lakini tulipoiondoa, mlinganyo wetu ulichanganyika na ndugu yake, −√(x + 6) = x, kwa sababu yote miwili inazaa x + 6 = x². Ile −2 ni jibu halali la huyo ndugu; kwetu imeingia bila kualikwa.

Ndiyo maana kuhakiki hapa si pambo la kumaliza swali. Kwenye 2x + 1 = 7, unahakiki ili kujua kama umekosea hesabu. Kwenye vipeuo unahakiki hata kama hujakosea popote, maana njia yenyewe inaweza kuleta jibu la ziada.

Vipeuo vikiwa viwili, hamisha kimoja kwanza. Mfano:

√(x + 5) + √x = 5

Wengi hukimbilia kuandika x + 5 + x = 25. Hapana jamani. 3 + 2 ni 5, lakini 9 + 4 ni 13, si 25. Kinachopelekwa kwenye kipeo cha pili ni upande mzima, si kila kipande peke yake. Kwa hiyo:

√(x + 5) = 5 − √x
x + 5 = 25 − 10√x + x
10√x = 20
√x = 2
x = 4

Hakiki: √9 + √4 = 3 + 2 = 5. Limekubali.

Na kuna swali lisilohitaji hesabu yoyote: √(x − 1) = −4. Anayekimbilia kalamu atapata 17, wakati √16 ni 4, si −4. Anayetazama kwanza ataona kwamba kipeuo hakiwezi kuwa sawa na namba hasi, kwa hiyo mlinganyo hauna jibu.

Darasani, nashauri tusiwaambie wanafunzi mapema lipi ni jibu la uongo. Waache wapate yote mawili, wayarudishe wenyewe, wabishane kidogo. Atakayemkamata mgeni huyo kwa mkono wake hatahitaji kukumbushwa kuhakiki siku ya mtihani.