Chanzo cha Mwanga na Upimaji wa Rangi za Vitambaa katika Ukanda wa Ikweta

Ikisiri
Makala haya yanaeleza namna chanzo cha mwanga kinavyoathiri rangi inayoonekana na rangi inayopimwa, kwa kutumia mfano wa vitambaa vya sare. Yanadai kwamba desturi ya kukagua rangi kwenye dirisha la kaskazini haifai katika ukanda wetu, na kwamba mkataba unaotaja rangi hauna budi kutaja pia mwanga.

1.0 Utangulizi
Tuchukue mfano wa kamati ya ununuzi inayoidhinisha sampuli ya kitambaa cha kijani ofisini, chini ya taa. Shehena inapofunguliwa uwanjani, kitambaa kinaonekana kuelekea rangi ya kahawia. Kamati inamtuhumu mzabuni kwa udanganyifu. Naye anasisitiza kwamba alilinganisha shehena na sampuli, zikawiana. Huenda pande zote mbili zinasema kweli.

2.0 Mwanga, kitambaa na jicho
Rangi hutokana na mambo matatu: mwanga unaoangaza, uakisi wa kitambaa na jicho linalopokea. Mwanga wa mchana una mawimbi ya urefu wote unaoonekana. Balbu ya waya huelemea upande wa mwekundu. Taa nyeupe za LED zilizo nyingi huwa na kilele cha bluu karibu na nanometa 450, kisha mng'ao mpana wa njano. Vitambaa viwili vilivyotiwa rangi kwa michanganyiko tofauti vinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Hali hii huitwa metameria, nayo ndiyo chanzo cha ugomvi uliotajwa hapo juu.

Kipimo cha ubora wa taa nacho hakitoshi. Faharasa ya Ra ni wastani wa sampuli nane za rangi zisizokolea. Nyekundu iliyokolea, ijulikanayo kama R9, haimo. Kwa hiyo taa yenye Ra 80 yaweza kufifisha wekundu bila kuonekana kuwa na kasoro.

3.0 Tarakimu za spektrofotomita
Wapo wanaodhani kwamba kifaa humaliza ubishi. Spektrofotomita hupima uakisi. Rangi yenyewe hukokotolewa baadaye kwa kuchagua mwanga sanifu na mwangalizi sanifu. Tume ya Kimataifa ya Mwangaza (CIE) imeweka, miongoni mwa mianga mingine, mwanga A wa takriban kelvini 2856 unaowakilisha balbu ya waya, na D65 wa takriban kelvini 6500 unaowakilisha mchana. Wapo pia waangalizi wawili: wa nyuzi 2 (1931) na wa nyuzi 10 (1964). Kitambaa kilekile hutoa tarakimu tofauti kwa kila uteuzi. Kwa shati jeupe lenye king'arishaji, hata kiasi cha urujuanimno katika taa ya kifaa hubadili matokeo.

4.0 Dirisha la kaskazini
Wakaguzi wa Ulaya na Marekani walizoea dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu jua la kwao hupita kusini, na dirisha hilo hupata mwanga tulivu wa anga. Kampala na Kigali hali ni nyingine: kuanzia Aprili hadi Agosti jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Februari huwa kusini. Hakuna dirisha la kaskazini au kusini linaloepuka jua mwaka mzima.

D65 yenyewe ina asili yake. Mwaka 1964, Judd, MacAdam na Wyszecki walichanganua vipimo 622 vya mwanga wa mchana kutoka Rochester (Marekani), Ottawa (Kanada) na Enfield (Uingereza). Ikweta haikuwamo. Hata hivyo, D65 inatufaa kama lugha ya pamoja, mradi tukumbuke kwamba ni jedwali la tarakimu, si taa. Taa zinazouzwa kwa jina hilo ni miigo yenye ubora unaotofautiana.

5.0 Hitimisho na mapendekezo
Inapendekezwa kwamba: (i) kila zabuni ya vitambaa itaje mwanga, mwangalizi na kiwango cha tofauti kinachokubalika, (ii) sampuli ikaguliwe ndani ya kabati la mwanga, chini ya D65 na angalau taa moja ya aina inayotumika ofisini au dukani, (iii) maabara za viwango katika nchi zetu zipime mwanga wa mchana wa ukanda huu. Bila hayo, mzabuni mwaminifu ataendelea kuadhibiwa kwa kosa la taa.