"On and off" ya Mwingereza si ofu yetu

Mwezi wa Mei mpwa wangu alipata kazi ya uweita katika hoteli moja ya ufuoni huko Diani. Bosi wake alimtumia ujumbe kwenye simu: "We will need you on and off until August." Kijana akanijia nyumbani baada ya swala ya alasiri, akanionyesha. "Mjomba, hii si ni siku moja kazini, siku moja ofu?" Nikautazama ujumbe, nikaona "on", nikaona "off", nikamjibu naam, ndivyo. Mimi na diploma yangu.

Kwa hesabu hiyo ya siku 15 kwa mwezi, kijana akakodi chumba Ukunda, akakopa godoro na jiko la gesi. Mwezi ule aliitwa siku 4. Alipokwenda kulalamika, bosi alimshangaa. Si alimwambia tangu mwanzo?

Na kweli alikuwa amemwambia. "On and off" haina habari na siku ya ofu. Maana yake ni jambo linalokuja na kukatika bila ratiba, likiwapo lipo, likikosekana ndiyo basi. Mvua ikinyesha ikaacha, ikanyesha tena ikaacha, kutwa nzima, Mwingereza atasema "it rained on and off". Stima ya mtaani kwetu nayo ni hivyo hivyo. Bosi alikuwa akisema: wageni wakiwapo tutakuita, wasipokuwapo kaa kwenu. Na msimu wenyewe ulikuwa wa mvua za masika, wageni ni wa kuhesabu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafuatilia maneno haya ya Kiingereza yanayokwenda mawili mawili kama jozi ya ndara. Kosa letu ni kwamba tunachukua kila moja peke yake, tunalitafsiri, kisha tunayaunga. "Now and then" ukiivunja hivyo unapata "sasa na halafu", maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Yakiwa pamoja maana yake ni "mara moja moja". Mtu akikuambia yeye huenda Lamu "now and then", usimpe mzigo wa haraka.

Inayotugharimu zaidi, kwa maoni yangu, ni "sooner or later". Lile "or" linatuhadaa, tukadhani tumepewa hiari, mapema au baadaye, upendavyo. Hasha. Anayekuandikia "you will have to pay sooner or later" hazungumzii wakati, anazungumzia hakika. Utalipa tu, hata ikichelewa. Nimemwona mzee mmoja mtaani akisoma barua ya mkopo yenye maneno hayo, akaikunja vizuri akaiweka chini ya mto, kama mtu aliyeongezewa muda. Ilikuwa ni onyo.

"More or less" ni "takriban". "Once and for all" ni kulimaliza jambo lisirudiwe tena. Ukiiona kwenye karatasi unayotakiwa kutia sahihi, vuta kiti, anza kusoma tangu juu. "First and foremost" sina haja ya kuieleza. Kila mwenyekiti wa kamati ya harusi anaijua, ingawa hilo la pili hatujawahi kulifikia.

Iliyonifurahisha ni "by and large". Miaka yote nilidhani inahusu ukubwa wa kitu. Kumbe ni maneno ya mabaharia! Tangu karne ya 17, enzi za meli za matanga, chombo kilichokwenda kikiukaribia upepo, ukikijia kwa upande wa omo, kilisemwa kinakwenda "by the wind". Kilichopata upepo mwema kutoka upande wa tezi kilisemwa kinakwenda "large". Chombo kilichoweza yote mawili ndicho kilichokuwa kizuri "by and large", yaani upepo wowote uje. Watu wa nchi kavu wakayachukua maneno, maana ikawa "kwa jumla". Manahodha wetu walioshuka na kaskazi wakapanda na kusi wangeyaelewa bila mwalimu. Lakini angalia: "kwa jumla" si "kabisa". Mwalimu akiandika kwamba kazi ya mwanao ni nzuri "by and large", jua kuna mahali pamepungua, ukamuulize.

Tena mpangilio wa maneno haya haugeuzwi. Ni "to and fro", haiwi "fro and to", na hilo "fro" siku hizi peke yake halina kazi, linaishi kwa mgongo wa mwenzake. Tusiwacheke. Nani kati yetu amewahi kuchangia msiba "kwa mali na hali"? Ni hali na mali, basi. Tuna daima dawamu, tuna huku na kule, tuna tezi na omo, na hakuna aliyetufundisha darasani, tuliyaokota vibarazani. Wakati mwingine wao huanzia tunapoishia sisi. Sisi twasema kwenda na kurudi, wao wanasema "back and forth", wanaanza na kurudi. Wao mara nyingi husema "day and night", sisi twasema usiku na mchana. Hapo nadhani sisi tuko sawa zaidi, maana kwetu siku huanza magharibi.

Siku hizi nikikutana na jozi nisiyoijua, siitafuti neno moja moja. Kamusi nyingi nzuri za Kiingereza huiweka yote pamoja, na hata kwenye simu ukiiandika nzima utaipata. Kazi ya dakika moja. Ningeifanya mwezi wa Mei, kijana asingeingia deni.

Baadaye tulimwandikia bosi, tukamuuliza kwa adabu ni siku ngapi kwa wiki. Jibu lilikuja usiku: "Two, more or less."

Kijana akanitazama. "Mjomba, na hii nayo?"

Nikamwambia ni mbili, lakini huenda ikawa moja, huenda tatu. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza. Chumba cha Ukunda amekirudisha kwa mwenyewe. Yuko kwa mamake Likoni, na lile godoro bado analilipia.