KUTU NA DIRISHA LA PAA

Nchi ya Kyela, iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ni nchi ya maji. Mashariki imesimama milima ya Livingstone, na kaskazini mlima Rungwe. Nayo mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupita katika tambarare yake kuingia ziwani. Mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,000. Mvua hiyo huustawisha mpunga na mikakao, lakini kwa chuma ni adui. Jembe likisahauliwa shambani siku chache tu, huonekana limeanza kuwa jekundu. Wekundu ule ndio kutu.

Watu wengi hudhani ya kuwa kutu ni uchafu uliotoka nje ukashika juu ya chuma. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe kilichobadilika. Katika hewa mna kitu kiitwacho oksijeni, nacho kikisaidiwa na maji huungana na chuma na kukigeuza unga mwekundu. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa. Kwa hiyo huvimba, huibandua rangi, na kuyafungulia maji njia mpya. Ndiyo sababu kutu ikianza haikomi yenyewe.

Sasa na tutazame motakaa ya zamani yenye dirisha katika paa. Fundi aliyeibuni hakutumaini kwamba mpira unaolizunguka dirisha utayazuia maji yote. Alijua kuwa maji kidogo yatapita. Basi chini ya ukingo wa dirisha aliweka mfereji mwembamba, na katika pembe zake akatia mirija, mara nyingi minne, ipitayo ndani ya nguzo za motakaa mpaka chini, ili maji yamwagike nje. Mkulima wa mpunga hulifahamu jambo hili upesi: maji yaingiayo shambani lazima yawe na pa kutokea.

Siku zikipita, majani ya miembe, vumbi na wadudu huingia katika mfereji ule na kuiziba mirija. Mvua ya masika ikinyesha, maji hukosa njia, hufurika, na kuwadondokea watu waliomo. Mwenye motakaa husema, "Paa limetoboka!" Huleta lami, akaziba kila mwanya auonao. Kumbe ameufunga na mlango wa kutokea maji! Wazee walinena kweli waliposema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Lakini fundi mwenye akili huuliza kwanza: Je, tundu hili ni la kuzibwa, au ni la kuzibuliwa?

Madhara makubwa hayaonekani kwa macho. Maji hujikusanya chini ya mazulia, na pale, gizani, huila sakafu polepole. Viti vya motakaa nyingi vimefungwa katika sakafu hiyo kwa skrubu. Sakafu ikiwa imeoza, siku ya ajali kiti chaweza kung'oka pamoja na mtu aliyekikalia. Kwa hiyo kutu si jambo la kuharibu uzuri tu. Ni jambo la uhai wa watu.

Dawa yake ni hii. Kwanza, fungua dirisha, mimina maji kidogo katika mfereji, kisha tazama chini kama yanatoka. Yasipotoka, mrija umeziba. Pili, uzibue kwa kamba nyembamba ya nailoni, taratibu. Usitumie waya mkali, wala usipulize hewa kwa nguvu nyingi, maana mrija waweza kutoboka au kuchomoka ndani ya nguzo, nayo maji yakamwagika mahali usipopaona. Tatu, mpira uliokauka na kupasuka ubadilishwe. Nne, inua mazulia, uyaanike juani mpaka yakauke kabisa.

Ndipo uiendee kutu yenyewe. Ikwangue kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Palipotoboka, fundi akate chuma kibovu na kuchomelea kizima. Kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu siku ile ile, kwa sababu unyevu wa Kyela haungoji kesho. Apakaye rangi juu ya kutu ameificha tu, hakuiondoa.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko dawa. Ushahidi wake uko katika ziwa jirani, Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen, ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashini zake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mashini zile zilionekana bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ikaanza tena kazi, kwa jina la Liemba. Ilikaa chini ya maji miaka kadhaa, na grisi ikakilinda chuma cha mashini zake. Basi motakaa iliyo nchi kavu yaweza kuoza kwa masika machache, kama mwenyewe hataki kuondoa majani katika mfereji.

MASWALI
1. Kwa nini kutu ikianza haikomi yenyewe?
2. Mirija ya dirisha la paa ina kazi gani?
3. Mafundi wa Graf von Götzen walifanya nini, nayo ilifaa nini?