Je, Wajua? Uzi wa Buibui Ndani ya Darubini ya Bunduki

Mistari ya kulengea uionayo ndani ya darubini ya bunduki iliwahi kutengenezwa kwa uzi wa buibui. Katika karne ya 17, mnajimu Mwingereza William Gascoigne aliukuta uzi huo ndani ya darubini yake, nao ukaonekana wazi pamoja na nyota. Hadi Vita Vikuu vya Pili bado ulikuwa ukitumika. Siku hizi mistari huchorwa kwenye kioo au hutengenezwa kwa waya.

Mistari myembamba hupendeza dukani saa sita mchana. Jioni, nguruwe mwitu mweusi akisimama kwenye kivuli cha msitu, haionekani kabisa. Ndiyo maana wawindaji wa Ujerumani wameshikilia mchoro wao namba 4: nguzo tatu nene, kushoto, kulia na chini, zinazoelekeza jicho katikati.

Wapo wanaopenda mistari yenye vipimo. Vipimo hivyo huhesabiwa kwa mili: mili 1 ni sentimita 10 kwa umbali wa mita 100. Lakini kwenye darubini nyingi za kuwindia mchoro haukui unapovuta picha karibu, hivyo vipimo huwa sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Ukishusha kutoka mara 10 hadi mara 5, mili ile inafunika sentimita 20. Kwa anayepiga ndani ya mita 150, utitiri huo wa alama ni kero tupu.

Na kama kuna kitone chenye taa, kipunguze mwanga. Kikizidi, kinamficha mnyama.